Somo: Kubadili jina la chombo cha tanga bila kuwakimbiza mabaharia

Umenunua jahazi au mashua iliyokwisha tumika, na jina lililoandikwa shetrini, yaani nyuma ya chombo, ni la mwenyewe wa zamani. Kabla hujafungua kopo la rangi, soma hapa. Pwani yetu wapo mabaharia wasiokubali kupanda chombo kilichogeuzwa jina, na vijana wengi huwacheka wakisema ni ushirikina mtupu. Mimi siwacheki. Jina ndilo linalobeba habari za chombo: bandarini watu wanajua kipi kilipasuka ubao njiani, kipi kiligonga mwamba kikazibwa haraka haraka, kipi kina deni la fundi. Jina likifutwa kimyakimya, habari hizo nazo zinapotea, na baharia ndiye atakayelala juu ya mbao asizozijua. Kwa hiyo jina libadilishwe mbele ya macho ya watu.

Hatua ya 1: Uliza jina la zamani lilitoka wapi. Nenda kwa muuzaji, na kama amefariki, kwa warithi wake. Chombo kilichopewa jina la mama au la mtoto aliyetangulia mbele ya haki hakifutwi jina kama kibao cha duka. Waombe radhi waziwazi. Katika mazungumzo hayo ndipo utakapoambiwa yaliyokipata. Kisha mtafute fundi aliyekiunda na nahodha aliyekiendesha. Ukisikia kwamba kimeshabadilishwa jina mara mbili tatu, simama kwanza, ukague mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake).

Hatua ya 2: Ofisini. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), Kenya ni Mamlaka ya Bahari (KMA). Chukua hati ya mauziano na cheti cha usajili. Ruhusa ya maandishi itangulie rangi.

Hatua ya 3: Kikweze, ukitengeneze, ndipo ufute. Subiri bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Unguja siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hivyo maji yenyewe yatakupandishia chombo. Kalafati upya, yaani ziba nyufa za mbao kwa pamba, paka deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) kwenye mbao za juu. Kazi hiyo ikiisha, jina la zamani lipigwe msasa hadi ubao uonekane, maana ukilifunika kwa rangi tu, jua likichoma herufi hutokeza tena. Kama limechongwa kwenye ubao wake, ung'oe taratibu umrudishie mwenyewe. Wazee huupokea kwa heshima kubwa.

Usisahau vitu vidogo: maboya, ndoo, makasia, jaketi za kuokolea. Wengi hupuuza hapa, na ndipo penye hatari ya kweli. Ikitokea ajali, likaokotwa boya lenye jina la zamani, watu watakuwa wanatafuta chombo ambacho hakipo.

Hatua ya 4: Chagua jina. Subira, Salama, Tawakal, Mabruk, Nia Njema: haya yamedumu kwa sababu kila abiria anayeyasoma ni kama ameitikia dua. Jina la kujigamba wazee hawalitaki. Wanaogopa hasadi, ndiyo, lakini pia unaowachokoza kwa jina lako ndio utakaowaomba kamba ukipwelea. Liwe fupi, lisikike redioni upepo ukivuma, na lisifanane na la chombo kingine cha bandari hiyo.

Napenda zaidi jina jipya linalomkumbuka wa zamani, na mfano mzuri tunao katika historia yetu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyoitwa Liverpool, iliyoundwa Bombay na kushuliwa majini mwaka 1826. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza, waliozoea kumwita Sayyid Imamu wa Maskati, wakaipa jina la Imaum. Ilibadilishwa jina, bendera na mabaharia, na bado ikawa inamtaja aliyeitoa. Nawe ukinunua mashua iitwayo Bi Rehema, kuna ubaya gani ikiwa Rehema ya Mola?

Hatua ya 5: Andika. Jina pande zote mbili za omo, yaani mbele ya chombo, na shetrini pamoja na bandari ya usajili. Kama ni chombo cha Lamu chenye macho, yale maduara ya kuchonga pande mbili za omo, yapake rangi upya na uyaache mahali pake. Ukitaka aya, wengi huandika *Bismillahi majraha wa mursaha*, maneno ya Nabii Nuhu katika Sura Hud, aya ya 41. Iwekwe juu, pasipokanyagwa.

Hatua ya 6: Dua na kushua. Waalike mabaharia, mafundi, majirani, na mwenyewe wa zamani, huyu hasa. Ubani ufukizwe, isomwe Yasini, na wanaoijua wasome Hizbul Bahri, dua ya bahari ya Imamu Shadhili. Kahawa na halua zinatosha. Mwenye uwezo huchinja mbuzi akagawa nyama kwa maskini. Kisha nahodha ataje kwa sauti jina la zamani na jipya, kila mtu asikie. Maji yakijaa, kisukumwe. Ila upepo wa kusi ukikaza, ahirisha, hata kama wageni wameshafika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kilifi:* Nimenunua boti ya tanga ya faibaglasi kwa Mzungu. Anasema nimwage shampeni baharini nimwombe Poseidon, la sivyo mkosi. Nifanyeje?

Hiyo ni mila ya mabaharia wa kwao. Husimuliana kwamba Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, ana daftari la majina ya vyombo vyote. Muislamu hawezi kuomba hivyo, na usimlazimishe baharia wako kusimama hapo. Lakini wao nao husisitiza jina la zamani liondolewe kwenye kila kitu kabla jipya halijatamkwa. Hilo lichukue.

*Mwanachama wa Tanga:* Nahodha hataki kutweka tanga mpaka hirizi ifungwe mlingotini. Mimi siamini.

Usibishane naye mbele ya mabaharia. Keti naye faragha umuulize anachohofia. Huenda ana habari za chombo hicho ambazo hukuambiwa ulipokinunua. Masheikh wengi wanaikataza hirizi, basi mpeleke kwa sheikh anayemheshimu, asikie kwake. Wewe mwonyeshe jaketi zinazotosha watu wote, pampu inayofanya kazi na nanga ya akiba.

*Mwanachama aliyeko Maskati:* Mashua yangu iko Pemba. Naweza kuiita Sultana, au ni kujikweza?

Iite. Meli Sultana ya Sayyid Said ilifika New York mwaka 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman. Wamarekani waliitengeneza bila malipo, ikarudi Zanzibar salama. Hakikisha tu Pemba hakuna mashua nyingine yenye jina hilo.

*Mwanachama wa Lamu:* Jahazi letu lilizama, tukaliopoa. Ndugu zangu wanataka libadilishwe jina lisahaulike lililotokea.

Msilibadili sasa. Fundi alifungue aangalie mbao zilizolala majini, mkaguzi wa vyombo apite, kisha lisafiri msimu mzima wa kaskazi kwa jina lake lilelile, likiwa na mzigo mwepesi na karibu na pwani. Likivuka msimu bila kuvuja, waiteni mabaharia muwaulize wao. Wakikubali, anzeni hatua ya 2, maana ya kwanza mmeshaimaliza.