Somo: Jinsi ya kucheza Day of the Tentacle bila kukata tamaa

Wengi walioanza gemu hili kwa ushauri wangu waliliacha ndani ya saa mbili wakisema mafumbo yake hayana akili. Akili yanayo, ila nusu ya mafumbo hayo yamejengwa juu ya hadithi ambazo mtoto wa Kimarekani huzisikia shuleni, na sisi hatukuzisikia. Ndiyo maana naandika somo hili.

Kwanza kisa chenyewe. Gemu lilitoka 1993 katika kampuni ya LucasArts, chini ya uongozi wa Tim Schafer na Dave Grossman. Dr Fred ana mashine inayomwaga uchafu mtoni. Mnyiri mmoja wa zambarau (ndiyo, mnyiri kama wa pweza, ila unatembea peke yake) anakunywa uchafu ule, anaota mikono na kuamua kuitawala dunia. Vijana watatu, Bernard, Hoagie na Laverne, wanaingizwa kwenye vyoo vya kuhamishika vilivyogeuzwa mashine za wakati, warudi jana wakaizime ile mashine ya uchafu. Almasi ya Dr Fred inayoendesha mashine hizo ni bandia, inapasuka safarini. Hoagie anatupwa miaka 200 nyuma, Laverne miaka 200 mbele, na Bernard anarudi alipotoka. Nyumba ni ileile moja katika nyakati tatu.

Hatua ya 1: Jua kila mmoja anatafuta nini. Bernard anatafuta almasi halisi, Hoagie betri, Laverne umeme wa kuwashia choo chake. Ukipotea, jiulize kitu ulichoshika kinamsaidia nani kati ya hao watatu.

Hatua ya 2: Jifunze kutumiana vitu. Unaweka kitu chooni, kinamfikia mwenzako katika wakati wake. Vitu vidogo vinapita, watu hawapiti. Kazi ya kwanza ni Bernard kuchukua mchoro wa betri kwenye maabara ya Dr Fred na kumpelekea Hoagie.

Hatua ya 3: Mwokoe Laverne. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikaa siku nne. Laverne amenasa juu ya mti, na mti huo upo pia enzi za Hoagie, ukiwa na matunda madogo ya jamii ya chungwa. Ndani ya nyumba ya Hoagie amekaa George Washington. Wamarekani wana hadithi kwamba Washington alipokuwa mtoto aliukata mti wa cheri wa baba yake, akaulizwa, akakiri bila kusema uongo. Wanahistoria wanaiona ni ya kutungwa, lakini kila mtu kwao anaijua. Cheri ni nyekundu. Basi Hoagie ayapake matunda yale rangi nyekundu, kisha azungumze na Washington kuhusu mti wa cheri ulioko nje. Atatoka na shoka. Mti ukikatwa wakati ule, miaka 400 baadaye haupo, na Laverne anaanguka chini salama. Nilipoelewa hili nilisimama kitini.

Hatua ya 4: Betri. Inahitaji mafuta, siki na dhahabu. Siki haipatikani popote, lakini divai ikikaa sana huwa nini? Wamarekani wana desturi ya kufungia vitu kwenye sanduku ili wajukuu walifungue baada ya miaka mingi. Hoagie atie chupa ya divai humo, Laverne ataikuta ni siki na kumrudishia. Dhahabu imo kwenye kalamu ya wale wakubwa wanaoandika katiba. Ili uipate, ziba bomba la moshi kwa blanketi, nao watakimbia nje.

Betri huchajiwa kwa radi, kwa tiara ya Benjamin Franklin. Yeye anasifika kwa jaribio la tiara na umeme la 1752. Na mvua? Wamarekani husema ukiosha gari tu, mvua inanyesha. Hoagie aoshe lile gari la farasi.

Hatua ya 5: Umeme wa Laverne. Enzi zake minyiri inatawala na watu wanafugwa. Mpe Hoagie mchoro wa mwili wa mnyiri unaopatikana enzi za Laverne, auchanganye na michoro ya Betsy Ross, mshonaji ambaye simulizi zao zinasema alishona bendera ya kwanza ya Marekani. Miaka 400 mbele bendera ina umbo la mnyiri, na Laverne anaivaa kama kanzu ya kujifichia. Umeme wenyewe unatoka kwa panya mdogo wa kufugwa. Bernard amgandishe, Laverne amyeyushe kwenye maikrowevu. Atatetemeka kwa baridi, kwa hiyo Bernard aitie sweta kwenye mashine ya kukaushia nguo na sarafu nyingi. Itazunguka miaka 200 na kunywea hadi imtoshe panya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikikosea nakufa nianze upya?*
Hapana. Hakuna kufa na hakuna mahali pa kufungiwa moja kwa moja. Jaribu kila kitu na kila kitu, hata kinachoonekana kichaa.

*Kaka, ile ya paka na uzio sijaielewa. Kwa nini apate mstari mweupe?*
Dada yangu, fikiria kicheche wa kwetu: mweusi, ana mistari myeupe, ananuka vibaya. Marekani wana mnyama anayefanana naye. Laverne apake uzio ule wino mweupe wa kufutia makosa, paka akipita chini atatoka na mstari, na minyiri itadhani ni yule mnyama wa kunuka.

*Nina simu ya Android tu. Inawezekana?*
Lile la 1993 linachezeka kwa programu ya bure iitwayo ScummVM, ila lazima uwe na mafaili halali ya gemu. Toleo lililochorwa upya na kampuni ya Double Fine mwaka 2016 nalipenda zaidi kwenye kompyuta, kwa sababu unaweza kubadili picha za zamani na mpya ukiwa katikati ya mchezo.

*Nianze na Maniac Mansion ya 1987?*
Si lazima, ingawa ndilo gemu lililotangulia hili. Ingia chumba cha Ed, mtoto wa Dr Fred, tumia kompyuta yake. Maniac Mansion yote imo humo, ichezee hapohapo.

*Kiingereza changu si kizuri sana, mazungumzo yanapita haraka.*
Washa maandishi ya chini na upunguze mwendo wake kwenye mipangilio. Usiruke maneno ya Washington na Franklin. Wanapojisifu ndipo wanapokuambia wanachotaka.