Ulizo linaloanza kujivuta mara ya sita: pa kuangalia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL

Kabla hujagusa faharasa (index) yoyote, hesabu. Ulizo (query) lilikuwa limeendeshwa mara ngapi kwenye muunganisho huohuo lilipoanza kujivuta? Likikimbia mara tano, la sita likajivuta na yote yaliyofuata yakajivuta vilevile, usiisingizie diski wala usikimbilie kununua RAM. Wa Java watarajie mara ya kumi, kwani dereva ya JDBC, inayounganisha programu za Java na hifadhidata, ikiachwa ilivyo, huanza kuliandaa ulizo kwenye seva mara ya tano, na hesabu ya tano inaanzia hapo. Ikiwa kasi inapungua kidogo kidogo kutwa nzima, hilo ni tatizo jingine, liko chini.

Tuseme SACCO ina jedwali la malipo lenye mistari 2,000,000 na matawi 100. Kampala peke yake ina mistari 1,200,000. Kotido ina 900. Ulizo lililoandaliwa (prepared statement, linalotunzwa kwenye seva ili liendeshwe tena) linapoendeshwa mara tano za kwanza, PostgreSQL huchora mpango mpya wa kuitafuta data kila mara ikilijua tawi uliloomba. Mara ya sita huchora mpango wa jumla, usiojua tawi, kisha hulinganisha makadirio ya gharama yake na wastani wa ile mitano. Wa jumla ukionekana nafuu, hushika huo.

Shida iko kwenye kukadiria. Mpango wa jumla hugawanya tu: 2,000,000 kwa 100, mistari 20,000. Kwa mistari 20,000 kupitia faharasa ni jambo la busara. Ukija na Kampala, faharasa hiyohiyo inafuatwa kwa mistari 1,200,000, na seva inarukaruka kurasa za diski badala ya kusoma jedwali moja kwa moja.

Mtego wenyewe ni huu: mitano ya kwanza ikiwa ya Kampala, wastani unakuwa mkubwa na mpango wa jumla unashinda. Ikiwa ya Kotido, wastani ni mdogo na wa jumla unashindwa. Kwa hiyo aliyewahi asubuhi ndiye anayeamua! Na kwa kuwa kila muunganisho una hesabu yake, karani mmoja atalalamika na wa dirisha la pili atakushangaa. Kuwasha seva upya "kunatibu" kwa sababu hesabu inaanza upya, basi.

Thibitisha ndani ya psql, programu ya kuandikia PostgreSQL amri:

PREPARE m(text) AS SELECT * FROM malipo WHERE tawi = $1;
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) EXECUTE m('Kampala');

Rudia mstari wa pili mara sita, ukitazama sharti la tawi. Likiandikwa tawi = 'Kampala', mpango ni mahususi. Likigeuka tawi = $1, umeuona wa jumla kwa macho yako. Linganisha pia rows ya makadirio na rows halisi: 20,000 kwa 1,200,000 ni ushahidi tosha. Toleo la 14 na kuendelea lina mwonekano wa pg_prepared_statements wenye safu generic_plans na custom_plans (hesabu za mipango ya jumla na mahususi), lakini mwonekano huo unaonyesha kikao chako tu.

Dawa, kuanzia toleo la 12:

ALTER ROLE ripoti SET plan_cache_mode = force_custom_plan;

Inalazimisha mpango mahususi kwa mtumiaji aitwaye ripoti, na inashika kwenye miunganisho mipya, kwa hiyo funga ya zamani. Ikiwa ulizo limo ndani ya funksheni ya PL/pgSQL, lugha ya ndani ya PostgreSQL, weka mpangilio huo kwa ALTER FUNCTION. Usiuweke kwa hifadhidata nzima bila kufikiri: ulizo dogo linaloendeshwa maelfu ya mara kwa dakika litalipia kupangwa upya kila mara. Kwenye JDBC unaweza pia kuweka prepareThreshold=0, ili ulizo lisiandaliwe kwenye seva.

Sasa ile ya kupungua polepole. Kila UPDATE huacha nakala mfu ya mstari, na autovacuum, msafishaji wa PostgreSQL anayejiendesha mwenyewe, kwa kawaida husubiri nakala 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kwa malipo yetu ni 400,050 kabla haijafika. Ishushe:

ALTER TABLE malipo SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);

Kisha tazama n_dead_tup (hesabu ya nakala mfu) katika pg_stat_user_tables. Isiposhuka hata baada ya VACUUM, huenda kuna muamala uliosahauliwa wazi unaozuia usafi:

SELECT pid, xact_start FROM pg_stat_activity WHERE state = 'idle in transaction' ORDER BY xact_start;

Huku kwetu chanzo mara nyingi ni umeme. Kompyuta ya tawi la Mbale inazimika katikati ya muamala, seva ya Kampala haina habari, na Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7,200 kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili ungali hai. Saa mbili za uchafu kwa kila mkatiko. Weka tcp_keepalives_idle = 60 na idle_in_transaction_session_timeout = '5min', upakie upya usanidi kwa SELECT pg_reload_conf(); na uliyemkuta amekwama sasa hivi mwondoe kwa pg_terminate_backend(pid), ukihakikisha kwanza si karani aliye katikati ya kuandika.