Kalamu ya risasi, chumvi ya mawe na sukari ya kashata: pima mwenyewe vitu vimeshikanaje

Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Mtwara, juzi kaja na daftari la kemia ananiambia mjomba hizi bondi, yaani namna atomu zinavyoshikana, nimezikariri zote ila sioni za kazi gani. Nikamwambia weka daftari pembeni twende jikoni. Tulichofanya ndo hiki.

Tafuta betri ya volti 9 ile ya mstatili, taa ndogo nyekundu ya LED, rezista ya omu 470 (kidude cha kupunguza umeme, fundi redio yeyote anazo) na vipande vitatu vya waya. Unga kwa mstari mmoja betri, rezista na LED, mguu mrefu wa LED uelekee chanya, halafu acha ncha mbili za waya wazi, hizo ndo za kupimia. Rezista usiiruke, mi niliiruka nikaunguza taa mbili hapohapo dogo ananicheka. Na umeme wa ukutani usiulete kabisa kwenye mchezo huu.

Anza na kalamu ya risasi, ichonge pande zote mbili, gusisha waya mmoja huku mwingine huku. Taa inawaka! Mbao haipitishi umeme, kwahiyo ni ile nyeusi ya katikati, ambayo risasi ni jina tu, humo hamna risasi hata chembe, ni kinywe (grafiti) kimechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Ndo hichihichi kinywe cha kule Ruangwa. Sasa kinywe ni kaboni, na almasi nayo ni kaboni, atomu zilezile, mbona kimoja ukikifikicha kinakuchafua vidole na kingine kinakata kioo? Ni namna zilivyoshikana. Kwenye almasi kila atomu imeshika wenzake 4 pande zote, hakuna pa kuteleza na elektroni zake 4 za nje (chembe ndogo zinazobeba umeme) zote ziko kazini. Kwenye kinywe kila atomu imeshika 3 tu, zinatandazika kama chapati, chapati juu ya chapati, na kati ya chapati na chapati mshiko ni hafifu sana. Ukiandika unabandua chapati unaziacha kwenye karatasi, basi. Ile elektroni ya 4 iliyobaki bila kazi ndo inazurura ndani ya chapati na kukuwashia taa.

Haya, chumvi ya mawe. Ipime kavu, taa kimya. Iyeyushe kwenye maji, taa inawaka na vipovu vinatoka, fanya sekunde chache tu na dirisha liwe wazi maana gesi ya klorini kidogo inaweza kutoka. Chumvi ni ioni, yaani atomu zenye chaji, chanya na hasi, kwenye punje zimebanana haziwezi kutembea, kwenye maji zinaachiwa. Kwenye maji ya sukari taa itabaki giza, kwasababu sukari inayeyuka molekuli (kundi la atomu zilizoshikana) nzimanzima, haina chaji ya kubeba.

Chukua nyundo sasa. Punje kubwa ya chumvi ukiigonga inapasuka, na ukiangalia vipande vina kuta bapa kama vijisanduku. Safu ikisogea kidogo tu chanya inakutana na chanya, zinasukumana, kwisha habari. Waya wa shaba ugonge utakavyo, unabapa tu, atomu zake zinateleza na elektroni zilizotapakaa kote zinaendelea kuzishikilia.

Moto nao unasema. Anayepika kashata za korosho anajua sukari inavyolegea mapema, molekuli zinashikana kiulegevu (ikianza kuwa kahawia hapo sasa molekuli zenyewe zinavunjika). Chumvi inataka nyuzi 801, sufuria yako ya alumini itayeyuka kwanza kwenye 660, kwahiyo msijaribu. Gesi yetu ya Mnazi Bay hapa Mtwara ndo balaa, sehemu kubwa ni methani, ndani ya molekuli kaboni na haidrojeni zimeshikana vizuri tu lakini molekuli kwa molekuli hazijuani, mpaka uipoze hadi kama nyuzi 161 chini ya sifuri ndo inakuwa kimiminika.

Kama taa imegoma kwenye kalamu, geuza miguu ya LED kwanza. Bado? Tumia kalamu ya 2B au laini zaidi, zile ngumu zina udongo mwingi, na angalia isijekuwa kinywe kimekatikia ndani, kalamu zikidondoka sakafuni huwa hivyo.