Gari likikosa nguvu ukivuta boti, pima joto la habu za trela (vitovu vya magurudumu yake)

Usikimbilie kufungua injini. Jana tukienda Mambrui kutoka Malindi, pikapu ilijikokota hata kwa gia ya tatu. Endesha kilomita tano hivi, simama taratibu bila kukanyaga breki sana, kisha dondosha maji kwenye habu za trela. Yanapochemka papo hapo ndipo penye tatizo: ukishusha boti baharini, chumvi huingia ikala breki na beringi, injini ikabaki kuburuta gurudumu lililokwama. Yetu ilikuwa ya kushoto, grisi imegeuka nyeupe kama maziwa. Usiguse kwa kiganja, utaungua! Ukiwa umetoka kufunga breki mara nyingi, kipimo hiki kitakudanganya, maana zote huwa moto. Zikiwa zote baridi, kaangalie filta ya dizeli na hosi ya turbo (mpira unaopitisha hewa ya kusukumwa kwenye injini).