Maji ya gesi ya nyumbani, kwa mkono wa fundi friji

Mimi ni fundi friji, Ngamiani hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Miaka mingi nilikuwa nakunywa soda tatu kwa siku: ya saa nne na sambusa, ya mchana juu ya wali, na ya jioni nikishafunga kazi. Siku nilipopimwa sukari, daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu nakunywa nini kazini, kisha akachukua kalamu. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 na nusu katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni gramu 30 na kitu, karibu vijiko 8 vya chai. Zidisha mara tatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa ishuke chini ya asilimia 5 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mimi nilikuwa nakaribia 100, na chai ya asubuhi bado hatujaihesabu.

Nikahamia maji matupu. Siku tano tu, nikarudi dukani kwa siri kama mtoto. Nikajaribu juisi ya mama watoto isiyo na sukari. Tamu, lakini koo likawa bado linadai. Nilichukua muda kuelewa linadai nini. Lilikuwa linataka ule mchomo wa gesi baridi unaokufanya ufumbe macho. Sukari ilikuwa imedandia tu. Basi nikasema, gesi na baridi si ndiyo kazi yangu?

Kabla sijaendelea, niseme hili kwa mafundi wenzangu na kwa yeyote mwenye rafiki fundi. Gesi ya soda ni kaboni dioksaidi. Sisi tunaijua kwa namba R744, maana ipo mitambo ya baridi inayoitumia. Lakini gesi iliyomo kwenye friji yako ni nyingine kabisa, R134a au R600a, na hiyo haiingii kinywani. Hata mtungi wa kaboni dioksaidi wa karakana usiutumie, kwa sababu mipira yake na saa zake za kupimia msukumo zimeshapitiwa na mafuta ya kompresa. Kijana mmoja aliniletea chupa ya maji nimjazie gesi kwenye mtungi wangu. Nilimfukuza huku nacheka, lakini nilimfukuza kweli.

Njia zipo kadhaa. Shemeji yangu aliyeko Muscat ana mashine ya mezani yenye mtungi mdogo, ule unaoandikwa kwamba unatosha hadi lita 60. Ukiwa nayo na una pa kubadilishia mtungi, huna haja ya maelezo yangu ya chupa; ruka uende kwenye ladha. Wako pia wanaochachusha tangawizi na sukari kwa siku kadhaa hadi itoe gesi yenyewe. Inatoa kweli, lakini hubaki na sukari na kileo kidogo, kwa hiyo kwangu haiingii. Na ipo njia ya haraka ambayo watu hufundishana mitaani: kijiko cha beking soda ndani ya glasi, kamulia ndimu, kunywa likifoka. Hiyo usiifanye kuwa mazoea. Kijiko kimoja cha chai cha beking soda kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, na kiasi cha siku nzima kinachoshauriwa ni chini ya 2,000. Mwenye presha anajimaliza huku anadhani amekimbia sukari.

Yangu inatumia beking soda hiyohiyo, ila inabaki chupa ya pili. Gesi peke yake ndiyo inayovuka.

Tafuta chupa mbili za plastiki zilizokuwa na soda, za lita 1 na nusu. Lazima ziwe za soda, kwa sababu zimetengenezwa kuhimili msukumo. Za maji ya kunywa ni nyembamba, na za kioo sizitaki hata kuziona. Nilianza na ya kioo. Ilipasuka saa nane mchana kwenye meza ya karakana, na mpaka leo kuna kipande kimoja kiko juu ya dari ya bodi. Hakuna aliyeumia kwa sababu tulikuwa tumetoka kula.

Vifuniko viwili, kila kimoja kitoboe katikati kwa biti ya milimita 5. Nunua mpira laini wa plastiki ulio salama kwa chakula, unene wa nje milimita 6, urefu wa mita moja. Kata ncha mshazari iwe kama mdomo wa kalamu, ipenyeze kwenye tundu, halafu ivute kwa koleo mpaka utokeze ndani sentimita mbili hivi. Kwa kuwa tundu ni dogo kuliko mpira, linaubana lenyewe. Gundi ya nini kwenye kitu utakachokunywa? Ncha ya pili ya mpira ifanye hivyo hivyo kwenye kifuniko cha pili. Sasa pima kama tunavyopima friji inayovuja: funga vifuniko kwenye chupa tupu, paka povu la sabuni kwenye matundu, kisha zikamue chupa zote mbili kwa nguvu. Povu likichemka, panavuja. Toboa kifuniko kingine.

Sasa baridi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Gesi na maji ya uvuguvugu hawakai pamoja; ni ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Bila kushindilia, lita moja ya maji yenye nyuzi 4 hubeba kama lita 1 na nusu ya gesi hii. Maji yaleyale yakiwa na nyuzi 30, kama yanavyotoka bombani kwetu mwezi wa pili, hayabebi hata robo tatu ya lita. Zaidi ya nusu imekimbia kabla hujaanza. Kwa hiyo maji yachemshwe, yapoe, yalale kwenye friji usiku kucha. Mimi huyaingiza friza saa moja kabla ya kazi, mpaka yaanze kufanya utando wa barafu pembeni. Kama friji yako haifiki nyuzi 4, futa vumbi kwenye waya za nyuma na angalia raba ya mlango kabla hujaniita.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chupa ya maji ijaze maji baridi, acha nafasi ya vidole vinne juu. Ikamue mpaka maji yafike mdomoni, hewa yote itoke, na uifunge ikiwa bado imebonyea. Ncha ya mpira isiguse maji ukishaiachia. Kwenye chupa ya pili weka glasi moja ya maji na vijiko 3 vya chai vilivyojaa vya ndimu ya unga, tikisa iyeyuke. Ndimu ya unga ni ile ile ya urojo. Ukiikosa, siki nyeupe mililita 300 inafanya kazi. Beking soda pima gramu 20, sawa na vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, ifunge kwenye tishu kama pipi, itumbukize, na funga kifuniko haraka. Tishu inakupa sekunde kadhaa tu. Usitumie magadi ya kupikia maharage, na usizidishe beking soda kwa tamaa; kiasi hicho nimekipima, kinatosha na chupa zinakihimili.

Chupa ya maji itaanza kunyooka na kuwa ngumu kama tairi la baiskeli. Ishike hiyo ya maji uitikise dakika mbili tatu, nyingine ikiwa imesimama wima mezani. Ukiilaza, maji ya chumvi na ndimu yatapita kwenye mpira na utakuwa umetengeneza dawa ya tumbo. Utasikia chupa ikilegea mkononi kadiri maji yanavyomeza gesi. Ikifika hapo, rudisha zote mbili kwenye friji, zikiwa zimesimama, kwa nusu saa. Haraka hapa huwa inanigharimu; nikifungua mapema, gesi yote inatoka kwa mkupuo na kubaki maji ya kawaida.

Kufungua: kunja mpira ubane kwa kibanio cha nguo, fungua polepole ile ya ndimu kwanza, kisha ya maji, robo ya mzunguko kwa robo ya mzunguko. Uso usiwe juu ya kifuniko.

Ladha haiingii kwenye chupa kabla ya gesi. Naandika haya nikimkumbuka mama watoto na kanga yake mpya. Niliweka ukwaju mzito ndani ya chupa, nikaingiza gesi, nikatikisa, nikafungua mbele yake kwa majigambo. Ukuta ulifutika kwa siku mbili. Ile kanga haikufutika. Kila kinyama cha tunda ni mahali pa gesi kutokea, ndiyo maana povu linapanda hivyo. Gesi kwanza kwenye maji matupu, ladha baadaye kwenye glasi, na ladha iwe imechujwa kwa kitambaa mara mbili.

Yangu ya kila siku ni tangawizi na mchaichai. Gramu 100 za tangawizi, usiimenye, ioshe tu kwa brashi na uiponde. Mabua manne ya mchaichai, yapondwe upande wa chini penye weupe. Iliki tano, za Amani kule milima ya Usambara kama unazipata, maana zile zinanukia mpaka mfukoni. Vikombe viwili na nusu vya maji, moto mdogo, bila mfuniko, mpaka kibaki kikombe kimoja. Hii inachoma. Ichuje, ipoe, imimine kwenye trei ya barafu. Vipande viwili kwa glasi ya mililita 250. Barafu hii inayeyuka taratibu, kwa hiyo glasi inaanza na ladha nyepesi na kumalizikia kali, nami napenda hivyo. Isuuze kwanza kwa maji baridi kabla ya kuiweka kwenye glasi, kwa sababu uso mkavu wenye chengachenga za friza hufukuza gesi. Mimina maji ya gesi juu yake kwa ubavu wa glasi, na usikoroge kama chai.

Chungwa la Muheza halihitaji hata kukamuliwa. Osha vizuri, chonga ganda la juu jembamba bila ule weupe, lipinde juu ya glasi. Yale matone usiyoyaona ndiyo ladha yenyewe, na sukari yake ni kama hakuna. Ndimu vivyo hivyo. Rosela nailoweka kavu, konzi moja kwa nusu lita ya maji, usiku mzima kwenye friji bila kuchemsha. Rangi yake inawavuta watoto kuliko soda ya dukani. Tango na nanaa ni ya wageni, haina maelezo. Ukwaju bado naupenda, gramu 50 kwa kikombe cha maji ya moto, ila sasa nauchuja mpaka uwe kama chai, na natia pilipili manga kidogo. Pasheni iache, mbegu zake ni ugomvi.

Binti yangu wa mwisho alilia sukari mwezi wa kwanza. Nilimwekea kijiko kimoja cha asali kwenye glasi, baada ya wiki mbili nusu kijiko, sasa anakunywa kama mimi. Asali pia ni sukari, usije ukajidanganya, lakini kijiko kimoja si vinane.

Mambo mawili ya mwili. Ndimu, rosela na ukwaju ni kali kwa meno, kwa hiyo kunywa pamoja na chakula badala ya kuchezea glasi mchana kutwa, na usipige mswaki papo hapo. Suuza kwa maji, ngoja nusu saa. Na mwenye kiungulia, gesi itamsumbua hata kama haina sukari. Mama yangu mzazi nampa rosela yake bila gesi.

Kilichobaki kwenye chupa, watu wana tabia ya kuikamua chupa itoe hewa ndipo wafunge, wakidhani wanaihifadhi gesi. Ni kinyume. Chupa iliyobonyea hutaka kunyooka, na inanyooka kwa kuvuta gesi kutoka kwenye maji. Hamishia polepole kwenye chupa ndogo ya soda mpaka ijae, funga, iache kwenye friji usiku. Kesho saa nne itakuwa bado inachoma kidogo, inatosha kushushia sambusa.