Ukitaka kuchoma tope la maji taka, lipiganie kwanza likauke

Wahandisi vijana wanaokuja kuniuliza kuhusu mtambo wa kuchoma tope la maji taka huanza na tanuri. Mimi huwarudisha kwenye maji. Egzosta, yaani malori ya kunyonya tope vyooni, zikimwaga tani 100 za tope lenye yabisi (kitu kikavu) asilimia 2, umepokea tani 2 tu za kuchoma. Tani 98 ni maji. Kamua mpaka yabisi ifike asilimia 25, mzigo unabaki tani 8. Kila kilo ya maji utakayoiacha humo utaigeuza mvuke kwa mafuta ya kununua.

Kwa hiyo jenga vitanda vya kukaushia kwanza. Pima udongo kabla ya kuchimba. Huku Nakuru ardhi ya volkeno hupasuka mvua ikizidi. Kisumu, upande wa Kano, utakuta udongo mweusi unaovimba na kusinyaa. Sakafu ya zege iteremkie bomba lenye matundu. Juu yake panga kokoto kubwa, kisha ndogo, kisha mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wenye vumbi ukatae hata ukipunguziwa bei, kwa sababu kitanda kikiziba utakifukua chote. Maji yanayochujika yarudi mwanzoni mwa mtambo. Yasiachwe mtaroni, maana Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: kinachoingia kinabaki.

Mimina tope sentimita 20 hadi 30, basi. Kuna mradi mmoja tuliharakishwa, tukamimina nusu mita. Juu kukakauka, tukawa tunatembea juu yake kwa furaha. Koleo la kwanza likatoa uji. Kiangazi chote kikapotea, na hadi leo hunichoma moyo. Ezeka pia paa la plastiki angavu, ubavuni wazi upepo upite, masika yasikurudishe ulikotoka.

Tanuri la mtambo mkubwa huwa la mchanga: hewa hupulizwa kutoka chini, mchanga wa moto ukatokota kama maji, tope likaungua humo. T·PARK ya Hong Kong, yenye uwezo wa tani 2,000 kwa siku, hutumia aina hiyo. Gesi zikae kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa sekunde 2 au zaidi. Sasa sikiliza: muuzaji atakuletea feni iliyokokotolewa kwa usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo feni hiyo haitatosha. Mkataba utaje mwinuko huo.

Vichujio vya moshi usivipunguze. Jivu lina fosforasi, chakula cha mimea, lakini pia metali nzito. Lipimwe maabara kabla mkulima hajaligusa.

Na shimo la kupokelea tope: gesi yenye harufu ya yai viza ikizidi, pua huacha kuinusa. Asishuke mtu bila kipima gesi, mkanda wa kuokolea na wenzake juu wameshika kamba, hata kama ameangusha spana tu na anasema ni dakika moja.