Kupima uwanda wa kuona kwenye myopia kali: jaribu lenzi kabla ya kuandika glakoma

Kijana wa mazoezi hapa Moshi aliniletea karatasi ya kipimo cha uwanda wa kuona (eneo lote jicho linaloliona likitazama mbele) ya mama wa miaka 61, muuza ndizi Mbuyuni, miwani -8.00 macho yote, yaani myopia kali, haoni mbali. Karatasi ilikuwa na weusi (sehemu ambazo hakuona taa) juu, upande wa sikio, jicho la kulia na la kushoto. Kijana keshaandika "glakoma", ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Nikamwambia tuanze upya, hivi:

1. Pima miwani siku hiyohiyo. Namba ya miwani aliyokuja nayo usiiamini.

2. Hesabu lenzi ya mashine. Bakuli la Humphrey, mashine inayomulika vitaa kupima uwanda, liko sentimita 30 kutoka jichoni, na jicho la uzee halijirekebishi kuona karibu, kwa hiyo aliyevuka miaka 60 anaongezewa +3.25. Mama yetu anavaa -4.75, si -8.00. Chagua lenzi ya ukingo mwembamba, isogeze karibu na kope bila kuzigusa, la sivyo ukingo utachora pete nyeusi pembezoni. Mgonjwa mwenye kontakti lenzi, mimi humpima nazo (ile +3.25 inabaki palepale).

3. Mweleze. "Mama, angalia taa ya katikati tu, vimulimuli usivifukuze." Basi.

4. Soma umbo la weusi, kisha rudia. Hapa ndipo watu wanapopotea. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 24 hivi. La myopia kali huvuka 26. Ukuta wa nyuma mara nyingine haurefuki sawasawa: sehemu ya chini, upande wa pua, inatuna kwenda nyuma, na kichwa cha neva ya jicho kinalala. Sehemu hiyo ina myopia kuliko katikati, kwa hiyo lenzi yako imeifaa katikati tu. Kule pembeni kimulimuli kinafika kimefifia na kutawanyika, mgonjwa habonyezi kitufe. Na kwa kuwa picha hupinduka kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho), tatizo la chini puani linatokea juu sikioni.

Ongeza lenzi hasi, tuseme kutoka -4.75 hadi -7.00, upime tena akishapumzika. Katikati patashuka kidogo, usishtuke. Tazama pale palipokuwa peusi. Pakipungua, kama kwa mama huyu, sababu kubwa ni umbo la jicho.

Pasipopungua, kazi ipo. Weusi unaoishia puani kwa kukatwa na mstari wa mlalo ni wa glakoma mpaka ithibitike vinginevyo, maana myopia yenyewe inaongeza hatari ya glakoma. Weusi wa upande wa sikio, macho yote, unaosimama wima katikati bila kuuvuka mstari, mpeleke akapigwe picha ya kichwa. Wa mama uliuvuka. OCT, mashine inayopima unene wa tabaka za retina, pekee usiitegemee hapa: inalinganisha na macho ya kawaida, na jicho refu hupakwa nyekundu bure.

5. Andika kwenye faili lenzi uliyotumia. Kipimo kijacho kitumie ileile, ama huna cha kulinganisha.